Tadei wa Pito, Siku Kumi na Tisa

Pwi. Kimya. Pwi.

Wasikilizaji wapendwa, hiyo ni sauti ya pombe ya ulezi ikichachuka mtungini, gizani, kabla jogoo hajawika. Nyumba ni ya matofali ya kuchoma, iko Pito, pembeni ya mji wetu. Povu linapanda, linapasuka. Pwi. Mama mmoja amelala macho. Sikio moja liko kwenye mtungi. Sikio la pili liko kwenye kifua cha mwanawe. Mtungi unapumua vizuri. Mtoto hapumui vizuri.

Mama huyo ni Kristiana. Mtoto ni Tadei. Leo tunamkumbuka Tadei wa Pito, aliyeishi siku kumi na tisa. Narudia kwa ajili yako uliyefungua redio sasa hivi: siku kumi na tisa.

Najua mtasema, Silvana leo umeishiwa watu? Kipindi hiki tumezoea kuwakumbuka walimu wakuu, makatekista, na wazee waliofungua mashamba ya kwanza. Mtoto wa siku kumi na tisa ana historia gani?

Anayo. Na wengi wenu mnamjua. Mlimwona kwenye simu zenu.

Mimi pia nilimwona. Nianze na hilo, nisije nikawahukumu wengine huku nimejificha nyuma ya kipaza sauti. Picha ilinifikia Jumanne mchana, nikila ugali na dagaa wa Kirando. Niliifungua. Nikasukuma sahani mbali. Ilinichefua, wasikilizaji, siwafichi. Halafu, na mkono ule ule uliosukuma sahani, nikaituma picha kwa wenzangu niliosoma nao darasa la jioni. Nikaandika: "Jamani, oneni." Maneno mawili tu. Mwanangu wa miezi tisa alikuwa amelala mgongoni kwangu wakati naandika maneno hayo.

Siku ya pili yake, hapa hapa redioni, tulisoma ujumbe wa msikilizaji: Pito kumezaliwa mtoto wa miguu minne. Mwenzangu akaweka mlio wa kicheko. Nami nikacheka hewani. Mlinisikia.

Leo sicheki. Leo nitawaeleza habari ya Tadei kama alivyonisimulia mama yake. Kristiana ameniruhusu. Mumewe, Wilibrodi, ameniruhusu. Waliniambia, sema yote, maana nusu imeshasemwa vibaya.

Tadei alizaliwa Jumanne ya kwanza ya mwezi wa Juni, katika hospitali hapa mjini Sumbawanga. Kristiana na Wilibrodi ni wakulima. Wanalima mahindi, maharage, na ulezi kidogo. Walikuwa na mtoto mmoja, Sharon, mwenye miaka mitano. Huyu alikuwa wa pili.

Kristiana anasema, "Nilimsikia mtoto analia. Halafu nikasikia watu wamenyamaza. Dada, uzazi una kelele zake. Pale kelele zilikatika. Nikajua kuna kitu."

Mhudumu mmoja alitoka mbio hadi barazani. Muuguzi wa zamu, nesi Avelina, hakukimbia. Alimfuta mtoto, akamfunika, akamwambia mama, "Mama Sharon, umepata mtoto wa kiume. Analia vizuri. Kuna jambo nitakuonyesha, lakini kwanza muone uso."

Uso ulikuwa mzuri. Nywele nyingi. Kidevu cha baba yake. Kisha nesi Avelina akafunua kitenge.

Kati ya kifua na kitovu cha Tadei kulikuwa na kiwiliwili kingine, kidogo, kimeshikamana naye. Kilikuwa na miguu miwili myembamba. Kilikuwa na mkono mmoja mfupi, wenye vidole vitatu. Hakikuwa na kichwa. Hakikuwa na moyo. Pale kiliposhikana na tumbo, ngozi ilikuwa nyembamba kama utando wa maziwa, na ina majimaji. Na kilikuwa kinakojoa. Ndiyo. Bila kichwa, bila kulia, kilikuwa kinakojoa.

Najua kuna mtu hapo nyumbani amesogeza sahani yake. Nami nilisogeza. Mwili unachefuka wenyewe, hauombi ruhusa. Lakini baada ya kuchefuka, mtu anaamua atafanya nini, na hapo ndipo habari yetu ilipo.

Daktari alieleza hivi. Tumboni walianza mapacha. Mmoja akaendelea kukua. Mwenzake akaacha kukua, hakuachana naye, akabaki ameng'ang'ania. Hana maisha yake mwenyewe. Anaishi kwa damu ya ndugu yake. Si uchawi. Si laana. Si kitu alichokula mama, wala si kitu alichokifanya baba. Hutokea mara chache mno, na hutokea popote duniani. Na kinaweza kuondolewa kwa upasuaji, mtoto akabaki mzima.

Lakini daktari aliongeza jambo moja, na naomba mlishike. Alisema, "Moyo mmoja unasukuma damu ya miili miwili. Huu moyo ni mdogo kama ngumi yake. Utachoka. Msichelewe."

Bahati ilikuwepo. Madaktari bingwa wa upasuaji wa watoto walikuwa wanakuja mjini kwetu, wiki moja tu, kuanzia Jumatatu ya tarehe kumi na sita hadi Ijumaa ya tarehe ishirini. Tadei akawekwa kwenye orodha. Akiwahi ndani ya wiki ile, anapasuliwa. Akichelewa, ni rufaa ya kwenda mbali, na moyo wake si wa safari.

Basi hapo ndipo anaingia Bibi Margareth, mama yake Wilibrodi. Na hapa, wasikilizaji, naomba msimrukie. Mimi nilimrukia kabla sijamfahamu.

Bibi Margareth alipofika wodini alikuwa ameshikwa na hofu. Majirani walikuwa wamemwambia mkwewe kazaa jini. Nesi Avelina akamketisha, akamweleza taratibu: walikuwa mapacha, mmoja akaacha kukua. Bibi akatulia. Akauliza tena. Mapacha? Mapacha, Bibi. Akafurahi, akajifuta machozi. Kisha akasema, "Basi hawaendi popote mpaka wapokelewe."

Kwa ukoo wao, pacha hatolewi nje ya boma kwenda mbali, wala hakatwi hata nywele, kabla ya kupokelewa. Kupokelewa ni kwa pombe ya ulezi. Lazima iwe pombe iliyopikwa kwa ajili yao, kwa ulezi wa shamba la nyumba ile. Watu wanakunywa, wanaimba, bibi anawapaka mapacha unga wa ulezi kwenye paji la uso. Wasipopokelewa, aliyedharauliwa humchukua mwenzake. Ndivyo wanavyoamini.

Na Bibi Margareth ana sababu. Miaka arobaini iliyopita alizaa mapacha wa kike. Wakashikwa na kikohozi. Akawafunga mmoja mgongoni, mmoja kifuani, akakimbia zahanati kabla pombe haijaiva. Mmoja akafia njiani. Aliporudi, wakubwa wa ukoo walimwambia, umemuua kwa haraka yako.

Alinieleza mwenyewe: "Mwanangu, nimelala na maneno hayo miaka arobaini. Nilisema safari hii siharakishi."

Siku ya nne waliomba kuondoka hospitalini. Daktari akakataa. Wilibrodi akasaini karatasi kwamba wanaondoka kwa hiari yao. Hakuwa amembeba mwanawe hata mara moja. Alikuwa anasimama mlangoni, anaangalia ukuta.

Kabla hawajatoka, nesi Avelina aliona hatari. Akachukua maji kwenye kikombe, akambatiza mtoto. Tadei.

Bibi Margareth akauliza, "Na mwenzake?"

"Bibi, hapa kuna mtoto mmoja."

"Si umesema mapacha?"

"Nimesema walianza mapacha."

"Aliyeanza ni mtu, nesi. Mwaga maji mara ya pili."

"Nimwage kichwani pa nani, Bibi? Kichwa kiko kimoja."

Nesi Avelina anasema hata leo hajui kama alijibu vizuri au alijibu kwa ukali. Alimshika Kristiana mkono, akamwambia, "Jumatatu ya tarehe kumi na sita. Mwisho kabisa Ijumaa. Unanisikia? Ijumaa."

Sasa msifikiri hesabu ya Bibi ilikuwa ya kijinga. Alihesabu vizuri. Ulezi ulowekwe Ijumaa jioni. Uchipue siku tatu. Uanikwe siku moja. Usagwe, upikwe, uchachuke. Jumamosi ya tarehe kumi na nne watu wanakunywa, mapacha wanapokelewa. Jumatatu asubuhi wako hospitali. Kila kitu kinatosha. Hata Kristiana alikubali.

Lakini huu ni Ufipa, na ule ulikuwa Juni. Mnaijua Juni yetu. Upepo ulivuma mchana kutwa. Ukungu ulikaa mpaka saa nne. Ulezi uligoma kuchipua. Siku ya tatu haujatoa hata ndevu. Bibi akaufunika kwa magunia, akauwekea mawe ya moto pembeni. Ukachipua siku ya sita. Kuuanika, hakuna jua. Wakaupeleka mtaa wa Majengo, mashineni, ukiwa bado na maji. Mwenye mashine akautia mkono, akacheka.

"Mama, hiki si kimea, huu ni uji. Unataka kuniulia mashine?"

Wakarudi nao kichwani. Wakaukausha kwenye bati juu ya jiko, kidogo kidogo, siku mbili.

Na siku hizo zote watu walikuwa wanakuja.

Wasikilizaji wapendwa, sijui niseme vipi bila kutukana. Walikuja kwa miguu, kwa baiskeli, kwa bodaboda. Walikuja na watoto wao. Mtu anagonga, "Hodi, tumekuja kutoa pole," macho yake yameshafika kwenye kitenge. Kristiana anasema hakuna aliyemuuliza kama amekula. Wanawake walifunika pua, wakati mtoto alikuwa ameogeshwa na anatoa harufu ya sabuni. Mwingine alitema mate mlangoni, kisha akasema, "Nifunulie tena, sikuona vizuri."

Jirani mmoja akapiga picha. Jina lake ninalo, silitaji. Alisubiri Kristiana ageuke kuchukua nepi. Mchana ule ule picha ilikuwa mjini. Jioni ilikuwa mikoa mingine. Mliyaona maneno waliyoandika chini yake. Sumbawanga hiyo. Sumbawanga kazini. Watu wa huko hawana utani. Wanaocheka nchi nzima kuhusu uchawi wetu, tuliwapa sisi wenyewe cha kuchekea. Tuliwapa mtoto mchanga.

Jumatatu ya tarehe kumi na sita ikafika. Pombe ilikuwa ndiyo kwanza imepikwa. Madaktari wakaingia mjini. Jumanne ikapita. Tadei akaanza kunyonya kidogo na kuacha, anahema kama aliyepanda mlima. Jasho lilimtoka kichwani kwenye baridi ile. Moyo ulikuwa unachoka, kama walivyoambiwa.

Jumatano, saa mbili asubuhi, Kristiana aliamua. Hakumwambia mtu. Alimfunga mtoto kifuani, akatupia koti la Wilibrodi juu, akatoka hadi barabarani. Akasimamisha bodaboda. Dereva anaitwa Limbu, baba mzima, anafahamika pale Pito.

"Hospitali, baba."

"Panda, mama. Shika vizuri, upepo mkali."

Kristiana akawa ameshainua mguu. Akasikia anaitwa. Bibi Margareth alikuwa anakuja mbio, kichwa wazi, bila viatu. Alipofika mbele ya pikipiki, hakupiga kelele. Hakutukana. Alipiga magoti barabarani, kwenye vumbi, mbele ya mkwe wake.

Mnaelewa nilichosema? Mama mkwe. Kwa mke wa mwanawe. Hadharani.

"Mwanangu," akasema, "nimeshaua mmoja kwa haraka. Usinifanye niue wa pili. Pombe ni Jumamosi. Nakuomba."

Kristiana akasema, "Mama, inuka, watu wanaona."

"Waone."

"Mama, daktari amesema Ijumaa."

"Nakuomba, mama yangu. Nakuomba."

Akamwita mama yangu. Limbu akazima pikipiki. Akaangalia pembeni. Kisha akasema taratibu, "Mama Sharon, tunakwenda au hatuendi? Mimi niko upande wako, lakini siwezi kumkanyaga mzee."

Kristiana akashusha mguu.

Nilipokuwa nalirekodi hili, nilidhani hapo amemaliza. Kisha akasema, "Ningempita pembeni, dada. Barabara ni pana. Kila siku najiuliza, kwa nini sikumpita pembeni."

Alhamisi ikapita. Ijumaa ya tarehe ishirini ikapita. Jioni madaktari walifunga mizigo yao, wakaondoka. Kwenye orodha yao, mbele ya jina la Tadei, waliandika: hakufika.

Narudia. Tarehe kumi na sita hadi ishirini, nafasi ilikuwepo. Ilikuwa bure. Ilikuwa umbali wa safari fupi ya pikipiki. Hakufika.

Jumamosi pombe ikaiva. Nilimwomba Wilibrodi anisimulie siku hiyo, maana Kristiana hataki kuigusa. Aliongea akiangalia mikono yake.

Walikuja watu wengi kuliko waliowahi kufika pale kwa harusi yake. Ukoo ulikuja, na wasio ukoo wakaja. Wakakaa uani, vibuyu vikazunguka. Wazee waliimba nyimbo zao za mapacha, na waliziimba kwa heshima. Hao siwasemi. Nawasema wengine.

"Mama mapacha, toka nao! Tumekuja kuwaona wageni!"

"Huyu akienda shule atavaa viatu jozi mbili!"

"Mpeni mpira, timu ya Pito imepata winga wa pande zote!"

Wakacheka. Bibi Margareth akamtoa mtoto, akampaka unga kwenye paji la uso. Akapaka unga pia kwenye kile kiwiliwili, begani, maana hapakuwa na paji. Aliomba kwa sauti ndogo. Wilibrodi anasema alikuwa anaomba kweli.

Kisha wakaanza kusogea. Mmoja akagusa. Mwingine akagusa. Mikono ya kushikia vibuyu, mikono ya kuvutia tumbaku, ikagusa ngozi ile nyembamba kama utando. Na yule jirani, yule yule wa picha, akakishika kimguu kimoja. Akakifinya. Alitaka kuona nani atalia.

Tadei akalia.

Jirani akapiga makofi. "Kumbe waya umeunganishwa!"

Watu walicheka, wasikilizaji wapendwa. Walicheka. Watu wa jumuiya, watu wa kwaya. Watu ninaowapa amani kanisani. Niliposimuliwa hapo nilizima kinasa sauti, nikatoka nje. Picha ya Tadei ilinichefua siku moja. Kicheko hiki kinanichefua mpaka leo, na sijui nitakitapika lini, maana nakumbuka na mimi nilicheka cha kwangu, hapa hapa nilipokaa.

Wilibrodi aliinuka. Alipita katikati ya watu. Akamchukua mtoto mikononi mwa Bibi Margareth, akaenda naye barabarani. Kristiana akamfuata, hajavaa hata kanga ya pili. Limbu alikuwepo. Akawapakia wote.

"Ndiyo mara ya kwanza kumbeba," Wilibrodi aliniambia. "Siku zote nilidhani atakuwa mzito. Alikuwa mwepesi. Dada Silvana, alikuwa mwepesi kama kifaranga."

Walifika hospitalini jua likiwa bado juu. Nesi Avelina aliwapokea. Hakuwauliza walikuwa wapi. Wakampa mtoto hewa, wakampa dawa. Moyo ulikuwa umevimba, na sasa kulikuwa na homa pia. Jumapili saa mbili asubuhi, watu wakielekea misa ya pili, Tadei alipumua mara moja ndefu, akatulia. Alikuwa mikononi mwa baba yake. Siku kumi na tisa.

Na kule Pito? Niliuliza. Baada ya wazazi kukimbia na mtoto, watu walifanya nini? Niliambiwa. Walibaki. Walimaliza pombe. Mitungi yote miwili. Hakuna aliyeona aibu kunywa pombe ya mtoto anayekata roho. Pombe iliisha, wasikilizaji.

Jumatatu walimzika. Wakaja wale wale. Fundi aliulizwa na mtu, hivi umetengeneza sanduku moja au mawili? Wengine walirefusha shingo wakati sanduku linafunikwa, labda waone mara ya mwisho. Hawakuona. Bibi Margareth mwenyewe alikuwa amemviringisha mtoto kwa kitenge chake kipya, tabaka kwa tabaka, mpaka ukabaki uso tu. Akasimama mbele ya sanduku, amepanua mikono, mpaka misumari ilipokwisha kupigwa.

Nilimtembelea Bibi wiki iliyopita. Nilikwenda nimejiandaa kumuuliza kwa hasira. Nilimsalimu shikamoo, akaitika, akaniketisha karibu na moto. Kabla sijauliza, akasema mwenyewe:

"Pombe ingeweza kunywewa baadaye. Wakubwa walioniambia haiwezekani wamekufa zamani. Sasa mkubwa wa ukoo ni mimi. Hakuna aliyekuwa na uwezo wa kubadilisha ila mimi. Nikaogopa."

Kisha akasema, "Nimeshawaambia wanangu wote. Pacha akizaliwa mgonjwa, aende hospitali kwanza. Ulezi utamsubiri. Nimesema mbele ya ukoo, na wamekubali."

Hapo ndipo ninapopata matumaini, wasikilizaji. Mimi ni mama, siwezi kuishi bila matumaini. Mwanamke wa miaka sabini na kitu amesimama mbele ya ukoo wake, akasema nilikosea. Je, yule wa picha amesema? Je, wale wa vibuyu wamesema? Je, mimi? Basi nasema. Nilituma picha. Nilicheka hewani. Nilikosea. Kristiana, Wilibrodi, nisameheni.

Sasa wewe unayenisikiliza, chukua simu yako. Picha ile bado ipo, humo kwenye kundi la harusi, kundi la kikoba, kundi la wazazi wa shule. Ifute. Wala usiifungue kwanza. Ifute tu. Na kesho ukiletewa nyingine, ya mtoto mwingine, mama mwingine, itakapokuchefua, acha ikuchefue, halafu iishie kwako.

Na wewe mama mjamzito wa Laela, wa Mpui, wa Namanyere, popote unaponisikia: ukizaa mtoto mwenye tofauti, yoyote ile, usimfiche na usimfanye maonyesho. Muulize daktari tarehe. Ishike tarehe hiyo. Kila mila ya kwenu muulize mkubwa wa ukoo, hii inaweza kusubiri? Muulize mapema, kabla ulezi haujalowekwa.

Kristiana, pole sana, dada yangu. Wilibrodi, pole. Bibi Margareth, pole, na asante kwa kusema. Nesi Avelina, pole nawe, najua ulihesabu siku pamoja nao. Baba Limbu, asante kwa pikipiki yako. Mungu ampokee Tadei, ambaye hakuhitaji pombe kupokelewa.

Kuna mtu mmoja wa mwisho. Nilipokuwa nakusanya vifaa vyangu kule Pito, Sharon alikuja akasimama mbele ya kinasa sauti. Wiki zote zile hakuna mgeni aliyemuuliza neno lolote. Nikamwambia, Sharon, wewe ulimwona mdogo wako. Waambie watu wa redio, alikuwaje? Mama yake akasema, mwache, ni mtoto. Nikasubiri. Sauti yake ndiyo hii, sikuikata wala sikuiongeza.

"Alikuwa ananyonya kidole changu."